Mahindi Yaliyoota Maua ya Njano

Nilikula mbegu. Naanza na hilo kabla hamjalisikia kwa mwingine. Nilikuwa darasa la nne, hapa Bweri, harufu ya vumbi lililonyeshewa imejaa puani, na mama kanipa bakuli la mahindi nipande mstari wa mwisho, ule unaopakana na jirani yetu, Baba Magesa. Nikayakaanga, nikala. Mashimo hayawezi kubaki matupu, basi nikayajaza mbegu za ile miti ya maua ya njano iliyopandwa kwa urembo kando ya barabara ya Butiama. Mahindi hayakuota. Mama akalaumu kwale kwa kufukua mbegu, nami nikawalaani naye kwa sauti.

Wahenga walisema utavuna ulichopanda; hawakusema utavuna mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kufikia darasa la sita miti ilishanipita kimo, imenyooka kama gwaride, na mashimo yangu ya kizembe yalikuwa yamevukia upande wa jirani. Kwetu mti ukipandwa mstari ni mpaka. Baba Magesa akaja na mwenyekiti, na mtaa mzima nyuma yao.

"Mama Chacha, umenilia ardhi kwa maua! Na hicho kiwanja chako kipimwe upya, tuone kama ni chako."

Kiwanja hicho ndicho marehemu baba alichotuachia. Hatukuwa na kingine.

"Mimi nilipandaga mahindi hapa," mama akasema.

"Mahindi gani yanazaa maganda kama kunde?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mimi hucheka hata msibani. Ndipo mama akanivuta, akaniwekea mkono kichwani aape. Kwetu kiapo cha uongo humuua mtoto aliyeshikwa kichwa.

"Kama kuna mtu wa nyumba yangu aliyepanda miti hii, basi huyu mtoto..."

"Mama, ngoja! Nilipanda mimi! Mahindi nilikula!"

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika shina. Baba Magesa alichelewa, lakini naye akacheka. Mpaka ukabaki kwenye katani za zamani zilizopandwa kuwa alama, miti ikaamriwa ikatwe, na mkataji nikawa mimi.

Sasa niko kidato cha tatu na bado nakata. Ukikata shina moja, linarudi na ndugu zake. Mbegu zimefika mtaroni, makaburini, hadi kwenye nyufa za choo cha shule. Wageni kutoka Bunda wanapiga picha, eti Musoma pamependeza. Zamani nami niliona maua. Siku hizi naona panga. Ila fimbo niliyoingoja jioni ile haikuja mpaka leo. Mama alisonga ugali, akanipakulia, akaniangalia, akasema: "Kula. Lakini kile kiapo sikukimaliza. Siku ukinichokoza, nakimalizia."