Tangi Lililokuja kwa Njia ya Nizi

Tangi hilo sikulipenda tangu lilipoteremshwa kutoka kwenye kamio, lori la mizigo. Lilikuwa la chuma, kuukuu, tumbo limechongoka chini, na mabomba mawili: la chini la kutolea matope, la juu la kutolea maji yaliyotulia. Mume wangu alichoka kuona tunakunywa maji machafu ya kisima hapa Mbunya, mtaani kwetu Bunia, akataka tuyasafishe wenyewe. Wazo lilikuwa zuri. Aliyenitia wasiwasi ni muuzaji.

Alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Bunia kutoka Kivu Kaskazini, mtu wa maneno matamu. Siku ya kwanza alisema tangi lilikuwa la kutenganisha mafuta ya mawese na maji. Alipokuja kufunga mabomba, akasema lilisafisha maji ya kunywa ya wafanyakazi. Mtu mwenye hadithi mbili mimi namhesabu mwongo. Tena kamio ilikuja kwa njia ya Nizi, na Nizi ni machimbo ya dhahabu, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki, ambayo ni sumu. Ndani ya tangi nilikwangua ukoko mweupe kwa kucha. Mume wangu akasema ni chumvi ya maji tu. Nikamjibu kwamba rahisi ghali. Mtoto wetu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameanza uji, na uji huo ungepikwa kwa maji ya tangi hilo.

Miaka hiyo bunduki za vita zilikuwa zimenyamaza, lakini mioyo bado. Tulisalimiana sokoni, tukaketi benchi moja kanisani, kisha kila mmoja akala kwake, kwa hofu ya kutiliwa sumu. Mtu akikukaribisha kinywaji, alionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Hata harusini ilikuwa hivyo, na hakuna aliyeona aibu.

Basi nikamtegea muuzaji kwa desturi hiyo hiyo. Maji yalipotulia nilimwita, nikafungua bomba la juu mbele ya mume wangu na majirani wawili, nikajaza kopo. Nikamnyooshea kwa mikono miwili, nikamwambia tangi ni lake, kwa hiyo aonje. Akinywa, mtoto wangu atakunywa. Akikataa, alichukue tangi lake.

Hakupokea. Alilitazama kopo, kisha akatazama mikono yangu.

"Mama, mwenye kupatia mutu kinywaji njo yeye anaonjaka wa kwanza," alisema taratibu. "Kopo ni yako. Anza weye."

Majirani wakatazamana. Hilo sikuwa nimelifikiria, na nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Lakini ningeanzaje, nami nanyonyesha? Nililishika kopo mpaka mkono ukachoka, nikayamwaga maji kwenye migomba. Alikuwa amekataa kunywa, na kwangu hilo lilithibitisha kwamba tangi lina sumu. Mume wangu alinuna, lakini tangi likapakiwa, likarudi kwa mwenyewe.

Mvua zilipoanza, nilipita mtaani kwake nikitoka kanisani. Tangi lilisimama uani, limepakwa rangi ya buluu, na watoto wake walikuwa wanakinga maji bombani kwa viganja, wanakunywa. Mke wake akaniona, akaja kunisalimia. Nikamuuliza waziwazi kama hawaogopi. Alishangaa. Tangi lilikuwa la baba yake yeye mwenyewe, akaniambia. Kwao lilikuwa la mawese, halafu likakodishwa kwa kambi ya wafanyakazi kule Nizi, kusafishia maji yao. Hadithi zote mbili zilikuwa za kweli.

Nikataka kujua, sasa kwa nini mume wake alikataa kunywa siku ile.

"Haikuwa tangi alikuwa anaogopa, mama," alisema. "Alikuwa anaogopa weye."

Mimi, mama wa watoto, kuogopwa kama mchawi! Iliniuma sana. Yeye akajaza kikombe bombani, akaonja kwanza, kisha akanipa. Nilitazama koo lake kwanza, kama kweli amemeza. Ndipo nikanywa, nikashukuru.

Jioni hiyo uji wa mtoto niliupika kwa maji ya kisima, yale yale machafu.