Ekseli Isiyopatikana Kwingine

Siku yenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu upepo wa Voi ulikuwa umejaza vumbi jekundu hadi ndani ya chai yangu, nami sikujali. Nilikuwa fundi pale Kaloleni, umri wangu kama wako sasa, nikiunda baiskeli za mizigo tangu fremu hadi kareia ya nyuma ya kupakilia. Zilikuwa nzito kidogo, lakini zilibeba mikungu ya ndizi bila kuyumba. Watu walinisifu sana, na unajua mgema akisifiwa hufanya nini.

Wakati huo baiskeli za kutoka ng'ambo zilikuwa zimeanza kujaa madukani, nyepesi, za kung'aa, za bei rahisi. Niliziogopa. Badala ya kukaa chini nifikiri, nikafanya ujanja. Nilimpa rafiki yangu mwenye mashine ya kukereza vyuma kipimo nilichokibuni mwenyewe cha ekseli, ule mhimili wa gurudumu, iwe nene kuliko ya kawaida, ili anayenunua kwangu asipate spea popote ila kwangu. Niliuona huo ndio uhodari wa biashara.

Basi siku hiyo ya vumbi akashuka kwenye basi Mama Kamene, mkulima wa ndizi kutoka Mahoo, kule Taveta. Mkononi alikuwa na gurudumu la nyuma la baiskeli niliyomuuzia. Nilikuwa nikimngoja kwa hamu, maana kikundi chake cha akina mama kilikuwa karibu kuniagiza baiskeli ishirini. Kazi ile ingenitoa kwenye kibanda cha mabati, nipate karakana ya kweli.

"Ekseli imekatika, fundi," akasema. "Nimezunguka Taveta yote, duka kwa duka. Hakuna inayoingia."

"Haiwezi kuingia, mama. Hiyo inapatikana kwangu tu," nikamjibu, tena kwa kujivuna.

Akaliweka gurudumu chini. "Siku ya soko imepita ndizi zangu zikiiva nyumbani. Hizo za nje ni dhaifu, najua. Lakini ikiharibika asubuhi, spea napata duka lolote, na saa sita niko sokoni. Akina mama wameamua kununua hizo."

Nikaanza kulaumu: wageni wanatumaliza, serikali imelala, watu wetu hawapendi vyao. Mzee Mwakio, aliyestaafu kutoka karakana ya reli, alikuwa ameketi hapo kando akingoja baiskeli yake. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Kijana," akaniambia, "nati niliyoifunga mimi hapa Voi, fundi wa Nakuru aliifungua kwa spana yake. Hakunijua, wala mimi sikumjua. Kama kila mmoja wetu angekuwa na nati yake, treni ingefika wapi? Mwache huyo mgeni. Huyu mama umemfunga wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwekea Mama Kamene gurudumu la kawaida, akanishukuru kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Baiskeli ishirini zilinunuliwa kwingine. Mimi nikabaki kibandani miaka mingi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilinunua moja ya zile baiskeli nilizozichukia, nikaifungua yote juu ya gunia, nikapima kila kipande. Beringi, mnyororo, ekseli, vyote vilikuwa vya vipimo vinavyojulikana kila duka. Lakini kareia yake ilikuwa nyembamba, na fremu haikuundwa kwa mizigo yetu. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Nikatengeneza kalibu ya chuma ili kila fremu itoke sawa na mwenzake, na sehemu zinazochakaa nikaweka za kawaida. Baadaye sana, nikiwa Taveta kwa mazishi, nilimwona fundi nisiyemfahamu akitengeneza baiskeli niliyoiunda mimi bila kuhitaji kumuuliza mtu. Machozi yalinitoka, siwezi kukuficha.

Sasa wewe una mashine inayokata chuma kwa kompyuta, unaunda baiskeli za betri, na unataka kuziuza hadi Tanzania na mbele zaidi. Vizuri sana. Lakini jana ulinionyesha betri yenye soketi uliyoibuni mwenyewe, isiyoingiana na ya mtu mwingine, ukaniambia, "Mzee, wakishanunua hawana pa kwenda." Sikutaka kukusema mbele ya watu. Leo nasema: ibadilishe kabla hujauza hata moja.

Jifunze kila mashine mpya, usione haya. Fuata vipimo ambavyo dunia imekubaliana, maana huwezi kuishinda dunia kwa kujifungia chumbani. Muulize anayebeba mzigo kabla hujachora, kisha ijaribu kwa mzigo ule ule kwenye njia za mawe kule Mraru, si hapo uani kwako. Mshinde mgeni pale asipozijua barabara zetu. Mteja aliye huru kuondoka, naye akarudi, huyo ndiye wako.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na baiskeli zako, zikiharibika, zitengenezwe na watu ambao hawatakujua kamwe.