Bomu la Papa Tambwe

Papa Tambwe wa Alunguli, kando ya mto, alikuwa na ufa ukutani, na aliupenda kuliko wengine wanavyopenda picha zao za harusi. Mgeni hakumaliza dakika mbili bila kuonyeshwa. Wakati wa vita, alisema, bomu lilianguka nyuma ya choo. Nyumba nzima ikaruka, ikatua palepale, ikabaki na mstari huo mmoja tu. Kila mwaka bomu lilizidi kusogea karibu. Mkewe, Béatrice, alisikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo.

Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, siku za Jumapili alipopumzika kazi ya reli, na hakumruhusu fundi yeyote kugusa mwiko wake. Alipostaafu akaikatia bima, ya moto na ya tetemeko. Majirani walicheka mpaka wakachoka.

Kisha tetemeko likaja kweli, Jumanne asubuhi. Ufa uliokuwa ukiishia usawa wa dirisha ukapanda hadi kwenye paa. Béatrice akahamishia godoro jikoni, akasema harudi chumbani mpaka ukuta utengenezwe. Mvua kubwa zilikuwa karibu, na jikoni godoro lilitosha mtu mmoja.

Tambwe akausoma mkataba neno kwa neno. Tetemeko linalipwa. Vita havilipwi. Basi akavisahau vita siku hiyohiyo. Zamani Béatrice alikuwa amechora alama ya mkaa pale ufa ulipoishia, aone kama unakua. Tambwe akaifunika kwa kabati.

Francine, mjumbe wa bima, alipofika, Tambwe alimwapia kwamba kabla ya tetemeko ukuta ulikuwa mzima kama yai. Francine akafungua faili. Siku ya kuandikisha nyumba, alimkumbusha kwa upole, yeye mwenyewe alikunywa chai hapahapa, akasimuliwa bomu dakika arobaini, na aliliandika lote. Kwa hiyo ufa wote ulikuwa wa vita, hakuna malipo. Tambwe aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Béatrice akainuka, akalisukuma kabati, akaonyesha kwa kidole mahali ufa ulipokuwa ukiishia zamani.

Francine aliinama, akaitazama alama kwa muda mrefu. "Ufa ya juu ya mukaa, ile njo ya tetemeko," alisema. "Ile tutatengeneza. Chini yake iko ya zamani, ile hatulipi."

Akashika kalamu, akauliza ufa wa zamani uliletwa na nini, vita au ujenzi mbaya. Vyote viwili havilipwi, ila fomu ilitaka jibu.

Tambwe akakodolea macho viatu vyake. Bomu lilianguka ng'ambo ya mto. Ufa ulitokea wiki moja kabla yake, mvua ya kwanza tu ilipopiga, kwa sababu msingi aliuchimba mbiombio awahi mpira. Mtu mmoja tu alilijua hilo, na mtu huyo alikuwa amelala jikoni siku tisa.

"Andika vita, binti yangu," Béatrice alisema. "Mimi nilikuwa hapa. Nyumba iliruka kabisa."