Kofia Kwapani

Harufu ya mafuta ya yasmini ndiyo iliyonipokea mlangoni. Nilikuwa nimefika Mbarara kwenye msiba wa Zaina, binti wa shangazi yangu, na kabla sijawatambua wanawake waliokaa kwenye mikeka, pua yangu ilikwisha kukitambua kile kichupa cha kijani kilichokuwa dirishani. Zaina alijipaka mafuta hayo tangu utotoni. Sikulia palepale. Nilisimama na viatu mkononi, nikahisi kitu ambacho mtu hapaswi kukihisi msibani, nacho ni wivu. Wivu wa zamani, mzima kabisa, kama nguo iliyotunzwa sandukuni.

Zaina alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama minne. Alipokuwa mdogo, mama yake aliugua kwa muda mrefu, na yeye akaletwa kukaa kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Siku hizo sikuwa na akili bado. Baba yangu alikuwa hai, na ukubwani nilikuja kuambiwa kwamba alimbeba Zaina begani kila mahali, mpaka ziwani kutazama viboko. Mimi siwezi kushuhudia. Wakati wa vita baba alitoka kwenda soko la Rwekubo kutafuta chumvi, asirudi. Hakuna aliyeona mwili, hakuna kaburi. Kwa hiyo nyumbani kwetu baba hakuzungumziwa. Mama alikataa kumtaja kama marehemu, maana hakumzika, na hakuweza kumtaja kama mtu aliye hai. Shangazi, aliyekuwa dada yake baba, aliiheshimu amri hiyo. Mimi niliizoea, kama mtoto anavyozoea chumba kisichofunguliwa.

Mama hakuwa mkali. Alilima, alipika, alinisuka nywele. Ila hakucheka. Na mimi, kuanzia siku nilipotambua kwamba mama za wenzangu hucheka, niliifanya hiyo kuwa kazi yangu.

Kazi hiyo niliifanya kwa michezo ya nyimbo. Kila kiangazi, mtama ukishavunwa, vijana wa kambi walitayarisha mchezo wenye ngoma, dansi na maneno machache, nao ulichezwa alasiri uwanjani karibu na shule. Jukwaa lilikuwa vumbi lililomwagiwa maji, pazia lilikuwa mashuka mawili ya jirani. Nilikuwa na sauti, kwa hiyo nilipewa kuimba. Mwaka mmoja nilikuwa bibi harusi asiyetaka kuolewa, na mwaka uliofuata nikawa mama mkwe, nikiwa na mto tumboni. Uwanja mzima ulicheka mpaka wazee wakashika mbavu. Nilimtafuta mama kati ya watu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo wake. Aliinua macho, akapiga makofi ya adabu.

Jioni aliniambia, kwa Kiswahili chake cha Zaire, "Unaimba muzuri sana, mwanangu. Sasa enda uchote mayi."

Mpaka leo mimi ni mshabiki wa jukwaa, na sitabadilika. Mtu anayeimba mbele yako anaweza kusahau, anaweza kukohoa, mto unaweza kumtoka tumboni, na ndiyo maana unamtazama bila kupepesa. Filamu haiwezi kukosea. Ilikwisha kufanyika mahali pengine, na wewe ukilia au ukisinzia, yenyewe inaendelea tu. Hayo ndiyo mawazo yangu, lakini nakiri yalianza kwa sababu ya Zaina.

Maana Zaina alikuja kila kiangazi, shule zikifungwa, akiwa juu ya lori la mizigo, amevaa gauni la maua, nywele zinang'aa mafuta. Na alikuja na filamu. Nyumba yao Mbarara ilikuwa nyuma ya ukumbi wa sinema. Sisi kambini hatukuwa na umeme wala pazia jeupe, kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Aliyeona filamu mjini alikuwa na deni la kuisimulia, tena kwa kusimama, pamoja na nyimbo zake, ngumi zake na mlio wa bunduki zake. Watu walikuja na vigoda nyumbani kwetu saa kumi jioni, jua likishapoa. Zaina alisimama mbele ya tanuru letu la kuchomea matofali, akafunga kanga kiunoni, akaanza.

Nitasema haki yake. Alikuwa hodari. Nyimbo za Kihindi aliziimba neno kwa neno, ingawa hakuna aliyejua maana, na yeye mwenyewe hakujua. Farasi alimfanya kwa ulimi. Na filamu zake zilijaa mvua. Wakati wetu wa vumbi, ziwa limerudi nyuma na ng'ombe wanalamba matope, Zaina alituletea wapenzi wanaoimba wamelowa chapachapa, na sisi tukajikunyata kwa baridi isiyokuwepo.

Kilichoniudhi ni yule mtu wa kofia. Katika kila filamu ya Zaina, iwe ya wapenzi, ya Wachina wanaopigana au ya askari na majambazi, alitokea mtu mmoja mrefu, na mvua ikianza, mtu huyo alivua kofia yake, akaiweka kwapani ili isilowe, kisha akatembea polepole, kichwa wazi, maji yakimtiririka puani. Akifika nyumbani, alipiga chafya na kuwaomba msamaha ng'ombe. Na hapo mama yangu alicheka.

Alicheka! Ungo ulimtoka mikononi. Alicheka akijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa. Mimi nilivaa mto, nikaanguka kwa makusudi, nikaimba mpaka sauti ikakauka, wala sikupata hata tabasamu. Huyu alitaja kofia tu.

"Rudia, Zaina," mama alisema. "Rudia hapo pa ng'ombe."

Jirani yetu Mama Feza, aliyehamia kambini baada ya vita, alinigonga kiwiko. "Na wewe Riziki, mbona umefura kama mkate? Cheka basi!"

Sikucheka. Niliamua kwamba dawa ni kwenda Mbarara nikaione filamu kwa macho yangu, nije niisimulie vizuri kuliko yeye. Kama mama alitaka filamu, angepata filamu ya kweli, kutoka kwa mwanawe.

Nilimsumbua mama mpaka kiangazi kilichofuata akakubali. Nilipanda lori na magunia ya mahindi, nikafika mjini nikiwa mweupe kwa vumbi. Mume wa shangazi, Bwana Sefu, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mpole lakini mwenye msimamo. Nilipomwomba niende sinema na Zaina, alitikisa kichwa.

"Binti yangu hajaingia humo hata siku moja," alisema. "Na hataingia."

Nilimgeukia Zaina. Alikuwa anamenya karanga, hakuinua macho.

Shangazi alidakia. "Sawa, Zaina ni wako. Lakini Riziki ni wa kaka yangu, amri juu yake huna. Mwache mtoto aende, ametoka mbali."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia neno hilo, kaka yangu, likitamkwa na mtu. Bwana Sefu aliangalia chini, akasema haya, aende.

Kabla sijaondoka, Zaina alinivuta uani. Ukuta wa nyuma wa ukumbi ndio uliokuwa ukuta wa uani kwao, na juu yake kulikuwa na matundu ya kupitisha hewa. Chini ya matundu kulikuwa na kinu kilichopinduliwa, kimekaliwa mpaka kimeng'aa.

"Mimi nakaa hapa," aliniambia. "Nasikia vyote. Nyimbo, farasi, mvua. Wewe nitazamie. Ukitoka uniambie, yule mwanamke anayeimba wimbo wa pili amevaa rangi gani."

Fikirini furaha yangu. Mwongo mkubwa nimemkamata, na bado ananituma.

Mlangoni pa sinema palikuwa na askari wa kambi ya jeshi, anayetazama bure. "Wewe katoto, mama yako iko wapi?" aliuliza. "Haya, kaa mbele. Lakini kama unalia, natoa wewe inje."

Sikulia. Ukumbi ulinuka jasho na maganda ya karanga, bati lilialika kwa joto, na picha ilirukaruka. Filamu yenyewe, nikisema ukweli, ilikuwa ndefu na ngumu. Watu waliongea sana nisielewe. Waliimba, ndiyo, na mvua ilinyesha, lakini kila mtu alikimbia kujificha chini ya miti. Nilimsubiri mtu wa kofia. Nilimsubiri mpaka taa zikawashwa.

Uani, Zaina alikuwa bado juu ya kinu. "Rangi gani?"

"Haina rangi. Filamu imechakaa, yote ni kahawia."

Alishuka kwenye kinu. "Mimi nilikuwa nimemvisha njano," alisema.

Tulirudi Nakivale pamoja, na mimi ndiye niliyetangaza kwamba nina filamu. Watu walikuja na vigoda. Nilisimama mbele ya tanuru, nikafunga kanga, nikasimulia kila kitu jinsi nilivyokiona. Nilisema kwamba rangi ilikuwa kahawia. Nilisema kwamba hapa waliongea sana na sikuelewa. Nilisema kwamba hapa mkanda ulikatika, tukangoja. Watoto wakaanza kurushiana vijiti. Mzee mmoja alisinzia.

Mama Feza akauliza, "Na mutu wa kofia? Mbona umemuficha?"

"Hayumo," nikasema. "Nimetazama mpaka mwisho. Hayumo kabisa."

Nilimtazama mama wakati nasema hivyo, nikingoja aone nani ni mkweli. Uso wake ulifungwa. Aliweka ungo chini, akainuka, akaenda kuanua muhogo uliokuwa umeanikwa, ingawa jua lilikuwa bado lipo. Alituacha hivyo, mgongo umetugeukia.

Ndipo Zaina aliposimama. "Riziki alitoka mapema," alisema kwa sauti ya kumfikia mama. "Watu wengi wanafanya kosa hilo. Mtu wa kofia anakuja mwisho kabisa, wengine wakishaondoka."

Akaleta mvua kwa vidole juu ya sufuria. Akamleta yule mtu mrefu, akivua kofia, akiiweka kwapani. Safari hii alitoka mbali, amebeba kitu kizito begani, na njia ilikuwa ndefu, na yeye hakuharakisha. Mama aligeuka, muhogo mkononi. Zaina alipofika kwenye chafya, mama alikuwa amekaa tena kwenye kigoda chake, anacheka, machozi yanamtoka.

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Huyu hajaingia sinema hata siku moja. Sikuyasema. Msinisifu, haukuwa wema. Mama alikuwa anacheka, na hata kama hakucheka kwa ajili yangu, nilitaka kuendelea kusikia.

Baada ya hapo tulikua, Zaina akaolewa mjini, mimi nikabaki na jembe langu na mama yangu. Tulitembeleana tukapendana kama ndugu, na wivu wangu niliufunika vizuri.

Sasa turudi msibani. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika. Sisi tulikaa tukisikiliza dua, na mawingu yakajaa upande wa kilima cha Kamukuzi, mvua ikashuka. Tuliwaona dirishani wakirudi mbio kutoka makaburini, kila mmoja amekandamiza kofia yake kichwani kwa mkono. Shangazi, ambaye sasa ni kikongwe na ametoka kumpoteza binti yake, aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Angekuwa kaka yangu, angeitia kwapani. Akatembea. Akaja akapiga chafya hapo mlangoni na kutuomba radhi sote."

Nilimwomba aseme tena. Alinitazama kwa mshangao. "Hukujua? Zaina alikuwa anamwigiza tangu angali mdogo. Alimpenda sana."

Nilitoka nje nikasimama chini ya bati. Kumbe kwetu palikuwa na mtu mmoja tu aliyevunja amri ya mama, naye aliivunja kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kumkataza. Alimpitisha baba kwenye filamu za Wahindi na Wachina, akamrudisha nyumbani kila kiangazi, mbele ya tanuru letu, na mama alikwenda kumpokea. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, kigoda cha mbele, nikisikiliza ili nipate makosa. Baba yangu alipita mbele yangu miaka yote hiyo, mimi nikasema hayumo.

Je, wivu uliisha? Hapana. Ulibadilika tu. Zamani nilimwonea wivu kwa kicheko cha mama. Sasa namwonea kwa bega la baba, kwa viboko walivyotazama pamoja. Namlilia na kumwonea wivu kwa pumzi moja, na sijui kuvitenganisha.

Niliporudi Nakivale kulikuwa bado kunanyesha. Mama, ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda chake. Kutoka barabarani nilifungua kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja, nikakiweka kwapani. Nilitembea. Sikuharakisha. Maji yaliniingia machoni, na sikuweza kuona kama ananitazama. Nilipofika mbele ya mbuzi wetu waliojibanza ukutani, nilipiga chafya kwa nguvu zote, nikainama, nikawaomba msamaha.

Nilisikia mvua tu. Kisha nilisikia kigoda kikitikisika chini ya mama, kama siku za Zaina.