Hadubini ya Wageni

Mwalimu wa bayolojia huvunja chaki vipande viwili kabla ya kuandika, kana kwamba imemkosea. Huchora seli kwa mkupuo mmoja wa mkono bila kutazama ubao, kisha hufoka: "Kiini kiko wapi?" Kidato cha Nne huimba majina ya sehemu zote kama kwaya, lakini mmoja akiitwa ubaoni, kidole chake huangukia popote. Hapo mshipa wa shingo humsimama mwalimu, naye hupangusa kiganja kwenye suruali, mahali pale pale palipokwisha kuwa peupe.

Leo Adhieu, wa dawati la mbele, alichoka kufokewa. "Mwalimu, samahani, wewe umewahi kuona seli na macho yako?"

Upepo wa kambi ya Kakuma ulisikika ukikwaruza mabati. Mwalimu aliitazama chaki.

"Miaka kumi na mmoja nafundisha," alisema polepole. "Sijaiona."

Hadubini ya shule iko ofisini, ndani ya nailoni yake. Hutolewa wafadhili wakija, ikapigwa picha, ikarudishwa. Mwalimu aliweka chaki chini, akatoka. Kupitia ukuta wakamsikia mwalimu mkuu akipaza sauti, "Hiyo ni ya wageni!" Kisha wakasikia nailoni ikichanwa.