Mtani Aliyelala Mlangoni

Siku niliyoapishwa kuwa diwani, Mwenyekiti wa Halmashauri aliniita pembeni. "Mama Asha, ukipigiwa makofi, tazama nani kaanza kupiga. Huyo ana lake." Ninyi mnaoutaka udiwani leo, mimi sikupata mafunzo mengine zaidi ya hayo. Aliyeniletea muhogo nilimuuliza katumwa na nani. Aliyeniamkia kwa unyenyekevu uliopitiliza nilimuuliza pia.

Kazi yenyewe ni kupeleka shida za kata kwenye baraza la madiwani, kikao ambacho Mkurugenzi na wataalamu wake hutujibu maswali. Shida yetu, upande wa Chiungutwa, ilikuwa maji. Pampu ya kisima ilipelekwa kutengenezwa, ikakaa huko hadi akina mama wakarudia kuchota madimbwini. Nikauliza barazani, nikajibiwa "suala linashughulikiwa," nikanyamaza. Waliozidi kunisumbua niliona ni watu wa mpinzani wangu, wananitafutia ugomvi na Mkurugenzi. Hata kaka yangu Damasi, aliyeishi jirani na kisima kile, alikuwa akija kwangu, anakunywa chai, anaondoka bila kusema kilichomleta. Nikawaza, naye wameshampata.

Damasi akaugua, akafia hospitali Ndanda. Siku ya mazishi, jeneza linatoka, Baba Somoe akajilaza chali mlangoni. Ni mtani wa ukoo wetu, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko. Hukasiriki, unampa chochote, anapisha. Nikamtolea kuku.

"Kuku ninao," akasema. "Maiti haitoki hapa. Diwani atwambie kwanza, pampu inarudi lini?"

Watu wakacheka, kisha wakageuka kunitazama mimi. Moyoni nikasema, huyu katumwa. Lakini jeneza lilikuwa mabegani mwa watu.

"Kabla ya arobaini," nikajibu. Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi.

Ahadi ya msibani kwetu haichezewi. Barazani nilisimama, nikakataa kukaa mpaka nipewe jibu. Mkurugenzi akakunja uso. "Mheshimiwa, siku hizi unaongozwa na watani?"

"Afadhali yeye kalala mlangoni. Wengine wamelala ofisini."

Pampu ilirudi kabla ya arobaini. Nilifurahi, ila Baba Somoe sikumwamini tena, mpaka naacha udiwani.

Juzi, nikiwa sina cheo wala wa kunipigia makofi, alishuka kwenye bodaboda hapa kwangu Lisekese kunijulia hali. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Siku ile ulitumwa na nani?"

"Na marehemu."

"Acha utani."

"Leo sitanii. Nilikwenda kumwona wodini. Akanambia, 'Dada yangu nikimwomba pampu ningali hai, atauliza nimetumwa na nani. Nikiwa maiti hataniuliza.'"

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi. Baba Somoe, ambaye hajapata kuniona bila kunicheka, alisogeza kiti karibu yangu akakaa.