Nilitoa Maji ya Mgongo, Sasa Wakwe Wanataka Nipimwe Mbegu

Ndugu wasomaji, nawasalimu kwa heshima. Nimeomba jina langu lihifadhiwe, si kwa aibu, bali kwa kuwa Ujiji watu tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mhitimu wa shahada ya sayansi ya maabara, na nimemchumbia binti wa hapa. Ndoa yetu ni mwezi ujao, kama itafungwa.

Kazi yangu ni katika utafiti unaopima viwango vya homoni kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Daktari huchoma sindano chini ya mgongo na kuchukua maji kidogo. Sisi tunalinganisha ya wagonjwa wa sonona na ya watu wenye afya, kwani damu pekee haituelezi yote yanayoufikia ubongo. Wagonjwa walikubali, ila wenye afya walisita. Tulipokwenda kijiji cha Simbo kutoa elimu, mama mmoja aliniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nimeshatoa. Kwetu anayekukaribisha chakula huonja kwanza. Nikaomba idhini kwa wakuu wa utafiti, nikalala kitandani, nikatoa. Kichwa kiliniuma, kikapoa, na mwili hutengeneza maji mengine. Ndipo watu wa Simbo wakaanza kujitokeza.

Habari zikafika Ujiji. Shangazi wa mchumba wangu, mchuuzi wa samaki aina ya migebuka ambaye neno lake kwao halipingwi, akaniita pamoja na mshenga wangu. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Mbegu ya mwanamume hukaa mgongoni. Wewe umekamuliwa kama chikichi. Mawese umewaachia maabara, sisi unatuletea makapi?"

Mshenga alicheka, mimi sikucheka. Nilieleza kwamba maji hayo hayahusiani kabisa na mbegu. Akajibu kwamba maelezo ameyasikia, sasa nipimwe mbegu na majibu yasomwe mbele ya wazee wao. Njiani mshenga alinisihi nikubali. Eti mpimaji anaogopaje kupimwa?

Siogopi. Lakini nikikubali mimi, kesho kila aliyejitolea Simbo ataambiwa naye athibitishe. Wanawake waliotoa watathibitisha kwa kitu gani, kwa mimba? Ni mimi niliyewahakikishia kwamba hawatavunjiwa heshima.

Kilichoniumiza ni simu ya mchumba wangu.

"Mimi nakuamini," alisema. "Ila pima tu, wanyamaze."

Nilimuuliza: lau angetoa yeye, angeridhia kizazi chake kijadiliwe barazani? Akakata simu. Hajapiga tena.

Wiki ijayo natakiwa kutoa sampuli ya pili ya maji ya mgongo. Shangazi ametuma ujumbe kwamba nikikipanda kile kitanda tena, nihesabu posa imevunjika. Nitakipanda. Kwa hilo sihitaji ushauri.

Ninachowaomba mniambie, bila kunionea haya, ni hiki: nimsubiri binti huyu hadi apate ujasiri wa kusimama nami, au nimwachie njia kwa heshima, ningali nampenda?